Kuhesabu Kinachosubiri: Historia ya Vipimo vya Mzigo, kutoka Simu za Copenhagen hadi Seva za Wingu

Kupanua uwezo kiotomatiki, kwa maana wanayoitumia wahandisi wa kompyuta, ni utaratibu ambao kwa huo idadi ya seva zinazohudumia kazi fulani huongezeka kazi inapozidi na hupungua kazi inapolegea, bila mtu kubonyeza kitufe. Utaratibu huo hauendi bila namba ya kuuongoza, na namba hiyo ndiyo iitwayo kipimo. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa asilimia ya muda ambao prosesa, yaani kiungo cha kompyuta kinachokokotoa, ilikuwa na shughuli. Vipimo maalumu ni namba nyingine yoyote ambayo mwenye kazi huichagua na kuituma mwenyewe, kama vile picha ngapi zinangoja kupunguzwa ukubwa, miamala mingapi haijathibitishwa, au wateja wangapi wamefungua programu kwa wakati mmoja. Katika vitabu vya mafunzo vipimo hivi huelezwa kana kwamba ni pambo lililotundikwa baada ya nyumba kwisha kujengwa, ilhali historia inaelekea upande mwingine: kuhesabu kazi inayosubiri ndiko kulikotangulia, na desturi ya kupima prosesa ilitawala baadaye, pale mwenye mashine na mwenye kazi walipokuwa watu wawili wasioonana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 swali la uwezo unaotosha lilikuwa swali la kampuni za simu. Kila mazungumzo kati ya mitaa miwili yalihitaji waya wake peke yake kuanzia salamu hadi kuagana, na kutandaza waya chini ya barabara kuligharimu fedha nyingi, hivyo kampuni iliyoweka nyaya chache iliwaudhi wateja waliokosa nafasi, na iliyoweka nyingi ilifukia mtaji wake ardhini. Mwaka 1908 Kampuni ya Simu ya Copenhagen ilimwajiri mwanahisabati Agner Krarup Erlang, aliyezaliwa mwaka 1878 katika kijiji cha Lønborg na ambaye awali alikuwa mwalimu, naye mwaka uliofuata akachapisha makala iliyoonyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wengi wasiojuana hufika kinasibu, na kwamba unasibu huo unaweza kukokotolewa kwa nadharia ya uwezekano, tawi la hisabati linaloshughulika na mambo yasiyotabirika likitokea moja lakini yanayotabirika yakiwa mengi. Mwaka 1917 alitoa kanuni zilizompa umaarufu: moja ya kukokotoa ni simu ngapi zitakosa waya ikiwa nyaya ni kadhaa, na nyingine ya kukokotoa mpigaji atasubiri muda gani ikiwa ataruhusiwa kusubiri.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni kitu alichokihesabu. Erlang hakupima joto la nyaya wala uchovu wa wahudumu waliokaa mbele ya mbao za kuunganishia simu. Alichukua idadi ya simu zinazoingia, akaizidisha kwa muda ambao kila simu hukaa. Simu 60 katika saa moja, kila moja ikidumu dakika 3, ni sawa na nyaya 3 zilizoshikwa saa nzima bila kuachwa, na mzigo huo huitwa erlang 3, jina lililopitishwa na kamati ya kimataifa ya mambo ya simu mwaka 1946, miaka 17 baada ya mwenye jina kufariki. Asiyejua hesabu hii angedhani kwamba nyaya 3 zinatosha. Kanuni ya 1917 inaonyesha kwamba kwa nyaya 3 takriban simu 35 katika kila 100 zingekosa nafasi, na kwamba ili wanaokosa wapungue chini ya mmoja katika 100 zinahitajika nyaya 8. Mzigo ukikua mara kumi, hadi erlang 30, nyaya zinazohitajika kwa ubora uleule hazifiki 80; ni 42 tu, kwa kuwa katika umati mkubwa haraka ya mmoja hufidiwa na utulivu wa mwingine. Biashara ya wingu, ambayo ni biashara ya kukodisha kompyuta zilizo mbali kwa saa au kwa sekunde, inakula katika pengo hilo kati ya 42 na 80, na mtu anayetaka kujua faida yake inatoka wapi atapata jibu la wazi zaidi katika kanuni hiyo ya simu kuliko katika matangazo ya wauzaji.

Kompyuta zilipoanza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, hesabu ya wanaosubiri ilihamia humo ikiwa nzima. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwa hisabati jambo ambalo wenye maduka walilijua kwa uzoefu, kwamba idadi ya wastani ya watu walio ndani ya mahali pa huduma ni sawa na kasi ya kuingia kwao ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa. Katika mfumo endeshi wa TENEX, ulioandikwa na kampuni ya BBN kwa ajili ya kompyuta za PDP-10, kulikuwa na namba iliyoitwa wastani wa mzigo, na maana yake ilikuwa programu ngapi kwa wastani zilikuwa tayari kufanya kazi, zikiwemo zile zilizokuwa zikingoja zamu ya prosesa. Takwimu za Julai 1973 za mashine hizo zilisambazwa miongoni mwa watumiaji wa mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti. Namba hiyo ilirithiwa na Unix, ambako hadi leo huonyeshwa kwa dakika 1, 5 na 15, kisha ikarithiwa na Linux, ambako mwaka 1993 iliongezewa programu zinazongoja diski pia. Katika zama hizo zote mtu aliyesimamia mashine ndiye aliyejua kazi iliyokuwa ndani yake, au angalau alikaa chumba cha jirani na walioijua.

Hali hiyo ilivunjika tarehe 25 Agosti 2006, siku ambayo Amazon ilitangaza huduma ya EC2, iliyomruhusu mtu yeyote mwenye kadi ya benki kukodi kompyuta kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Huduma hiyo haikutengenezwa Seattle, makao makuu ya kampuni, bali Cape Town, ambako Chris Pinkham, mhandisi wa Afrika Kusini aliyetaka kurudi kwao, alipewa ruhusa ya kufungua ofisi na kukusanya kikosi kidogo. Afrika, ambayo katika historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama mpokeaji, hapa ilikuwa karakana. Kilichokodishwa hakikuwa kompyuta nzima ya chuma bali mashine pepe, yaani sehemu ya kompyuta iliyotengwa kwa programu hata ikajiona kuwa ni kompyuta kamili. Programu iliyofanya utengaji huo iliitwa Xen, nayo ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako ilielezwa kwa mara ya kwanza katika makala ya mwaka 2003.

Namna Xen ilivyogawa mashine ndiyo iliyoamua ni kitu gani kingepimwa kwa miaka iliyofuata. Programu hiyo ilikaa chini ya mashine pepe zote kama mwenye nyumba anayesoma mita ya umeme na ya maji ya kila mpangaji bila kuingia chumbani: iliona ni muda gani wa prosesa umetumika, ni data kiasi gani imepita kwenye mtandao, na diski imesomwa mara ngapi. Haikuona kilichokuwa kikifanywa na muda huo. Hata kumbukumbu, yaani nafasi ambamo programu huweka data zake wakati wa kazi, ilionekana kwa nje kama furushi moja lililokabidhiwa mpangaji, na hakuna aliyejua kutoka nje kama limejaa au lina nafasi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda katika biashara hii alikuwa amejizuia kwa makusudi asikilalie, kwa sababu faragha ya mpangaji ilikuwa sehemu ya bidhaa iliyouzwa.

Wapangaji wa kwanza walijitengenezea njia zao. Aprili 2008 kampuni ya Animoto, iliyogeuza picha na muziki kuwa video fupi, iliweka programu yake ndani ya Facebook, na katika siku tatu watumiaji wake wakaongezeka kutoka takriban 25,000 hadi 250,000. Seva zake zilizokuwa kama 50 zikapanda katika siku chache hadi zaidi ya 3,000. Kisa hicho kimesimuliwa katika mikutano mingi kama ushahidi wa nguvu ya wingu, na wasimuliaji hupenda kutaja idadi ya seva, lakini kilicho muhimu kwa historia ya vipimo ni mpangilio wa kazi yenyewe: kila video iliyoombwa iliwekwa kwenye foleni, yaani orodha ambamo kazi hungoja hadi seva iliyo huru iichukue, na kazi isiyo na seva ilionekana palepale kwenye orodha hiyo. Upanuzi wenyewe ulisimamiwa kwa programu za RightScale, kampuni nyingine kabisa, kwa sababu Amazon wakati huo haikuwa na chombo cha namna hiyo. Juni mwaka huohuo SmugMug, kampuni ya kuhifadhi picha, ilieleza mfumo wake wa ndani iliouita SkyNet, jina la kompyuta katili ya filamu za Terminator, ambao uliwasha na kuzima seva za EC2 kwa kuangalia mambo mengi kwa pamoja, kazi zinazongoja zikiwa miongoni mwake. Kwa hiyo kabla mwuzaji hajatoa kipimo chochote, wanunuzi walikuwa wanatumia vipimo vyao, ingawa hakuna aliyeviita maalumu.

Tarehe 18 Mei 2009 Amazon ilitoa kwa mpigo huduma tatu zilizotegemeana: CloudWatch ya kukusanya vipimo, Auto Scaling ya kuongeza na kupunguza seva, na kigawa mzigo, chombo kinachopokea maombi yote mlangoni na kuyagawa kwa seva zilizo nyuma yake. Mtumiaji aliandika sharti, kwa mfano kwamba wastani wa prosesa ukizidi asilimia 70 kwa dakika 5 iongezwe seva moja, na ukishuka chini ya 30 iondolewe moja, kisha akaenda kulala. Vipimo alivyopewa vilikuwa vile ambavyo mwenye nyumba aliweza kuviona kutoka nje, yaani prosesa, mtandao na diski, na juu yake idadi ya maombi na ucheleweshaji kama vilivyoonekana kwenye kigawa mzigo. Prosesa ikawa kipimo cha kawaida katika mifano yote ya mafunzo, na kutoka mifano ikaingia katika mazoea. Haikuchaguliwa kwa sababu ilieleza kazi vizuri kuliko nyingine. Ilikuwa ipo tayari tu.

Kwa kazi za aina moja prosesa ni shahidi mwaminifu. Seva inayobana video au kukokotoa hesabu nzito hutumia prosesa kwa kadiri ya kazi iliyopewa, na asilimia 90 humaanisha kweli kwamba imekaribia mwisho wa nguvu zake. Lakini sehemu kubwa ya kazi za biashara ni kungoja: seva hupokea ombi, huuliza hifadhidata, hungoja jibu, huuliza benki, hungoja tena, na katika kungoja huko prosesa hukaa karibu bure. Seva yenye nafasi 200 za kushughulikia maombi kwa wakati mmoja inaweza kuwa na nafasi zote 200 zimeshikwa na maombi yanayongoja benki, wateja wapya wakigonga mwamba, huku mita ya prosesa ikisoma asilimia 12, na utaratibu wa kupunguza seva, ukiona utulivu huo, ukaziondoa nyingine. Ni sawa na mwenye mabasi anayepima joto la injini ili ajue abiria wangapi wamebaki kituoni. Upande wa pili, kazi ya usiku isiyo na haraka inaweza kuipeleka prosesa hadi asilimia 100 kwa saa nne bila madhara kwa yeyote, na utaratibu uleule ukaongeza seva za kulipia ambazo hazikuhitajika.

Mei 2011 CloudWatch ilifunguliwa ili ipokee namba kutoka kwa wapangaji wenyewe. Kwa upande wa ufundi badiliko lilikuwa dogo: programu ya mteja ilituma jina la kipimo, thamani yake na wakati, na mfumo ukaihifadhi pembeni ya vipimo vya kawaida na kuiruhusu ipige kengele ileile iliyopigwa na prosesa, na kengele hiyo ikaongeza au ikapunguza seva. Kwa upande wa mamlaka lilikuwa kubwa zaidi. Hadi hapo aliyekodisha mashine ndiye aliyeamua maana ya neno mzigo, na aliyekodi alichagua ndani ya orodha aliyopewa. Kuanzia hapo aliyekodi aliweza kusema kwamba kwake mzigo ni risiti zisizochapishwa au nyimbo zisizobadilishwa muundo, na mashine ya mwuzaji ikatii maana hiyo bila kuielewa. Pamoja na uhuru huo alikabidhiwa pia lawama, kwa kuwa kipimo kilichochaguliwa vibaya hakikuwa tena kosa la mwuzaji, na kilitozwa ada kila mwezi.

Uchaguzi ulikuwa mgumu kuliko ulivyoonekana, kama ulivyo ugumu wa foleni. Mtu wa kawaida akiambiwa achague kipimo cha kazi zinazongoja atachagua urefu wa foleni, kisha ataweka sharti kwamba zikizidi kazi 1,000 ziongezwe seva. Namba hiyo haisemi kitu hadi ijulikane kila kazi inachukua muda gani na seva ziko ngapi: kazi 1,000 mbele ya seva 2 ni msiba, mbele ya seva 200 ni pumzi moja. Wahandisi walijifunza kugawanya urefu wa foleni kwa idadi ya seva ili kupata deni la kila seva, na kulinganisha deni hilo na kiasi kinachovumilika. Ikiwa kazi moja huchukua nusu sekunde na mteja anaweza kuvumilia sekunde 60, seva moja inaruhusiwa kuwa na deni la kazi 120 na si zaidi. Foleni ikiwa na kazi 1,200, zinahitajika seva 10, na ikishuka hadi 360 zinatosha 3. Hapa Little amerudi, na nyuma yake Erlang, kwa kuwa hesabu hii ni kasi na muda vilevile, ikiwa imeandikwa upya na watu ambao wengi wao hawakuwahi kusikia habari za simu za Copenhagen. Kipimo cha namna hii kina sifa nyingine inayotakiwa, nayo ni kwamba seva zikiongezwa chenyewe hushuka kwa uwiano. Ucheleweshaji, ambao wengi huukimbilia kwa sababu ndio anaouhisi mteja, mara nyingi hauna sifa hiyo: chanzo chake kikiwa hifadhidata iliyolemewa, kila seva mpya hufungua njia nyingine za kuiuliza maswali hifadhidata ileile, ucheleweshaji ukapanda, kengele ikalia tena, na dawa ikawa ndiyo ugonjwa.

Ugonjwa mwingine ulikuwa wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1788 James Watt aliifunga mashine ya mvuke kidhibiti mwendo, mipira miwili ya chuma inayozunguka na kutanuka mwendo unapozidi hata ikaubana mlango wa mvuke, na katika karne iliyofuata watengenezaji waligundua kwamba kidhibiti kilichotengenezwa kiwe chepesi mno huifanya mashine iyumbe, ikikimbia, ikizimika, ikikimbia tena. James Clerk Maxwell aliichambua hali hiyo kihisabati katika makala ya mwaka 1868. Seva za wingu ziliyumba kwa sababu ileile, kwamba kati ya amri na matokeo kuna kuchelewa: mashine pepe iliyoagizwa huchukua dakika kadhaa kuwaka na kupakia programu zake, na katika dakika hizo kipimo bado kinaonyesha uhaba, hivyo msimamizi asiye na subira huagiza nyingine na nyingine, kisha zote zikiwaka pamoja huonekana ni nyingi kupita kiasi na huanza kuzimwa. Auto Scaling iliweka muda wa kupoa, ambao kwa kawaida ulikuwa sekunde 300, ambamo hakuna agizo jipya. Kuyumba huko kulikuwa na gharama ya fedha taslimu, kwa kuwa hadi Oktoba 2017 EC2 ilitoza kwa saa nzima hata kama seva iliishi dakika 10, na kulikuwa na kanuni rasmi ya kuchagua seva ya kuzima kwa kuangalia ipi imekaribia kumaliza saa iliyokwisha kulipiwa. Malipo ya kila sekunde, yaliyoanza mwezi huo, yaliondoa hesabu hiyo ya kibahili na kuufanya upunguzaji wa haraka uwe na maana.

Netflix, iliyoanza kuhamia kwenye wingu la Amazon baada ya hifadhidata yake kuharibika mwaka 2008 na kuizuia kutuma diski za filamu kwa siku tatu, ndiyo iliyoandika kwa uwazi zaidi uzoefu wake. Januari 2012 wahandisi wake walishauri kupanda mapema na kushuka polepole, ushauri uliotokana na ukweli kwamba seva ya ziada hugharimu senti na seva inayokosekana humgharimu mteja jioni yake. Novemba 2013 walieleza mfumo waliouita Scryer, ambao haukungoja kipimo kipande bali ulitabiri maombi ya siku inayofuata kutokana na mwenendo wa siku zilizopita, kisha ukaandaa seva kabla ya watazamaji kurudi nyumbani. Moja ya sababu walizozitoa inagusa udhaifu wa kila kipimo kinachofuata mzigo wa sasa: huduma inapopata hitilafu, maombi yanayofika hupungua, msimamizi huona utulivu na kuzima seva, na hitilafu ikiisha wateja wote hurudi kwa pamoja na kukuta mlango umebaki na wahudumu wachache. Utabiri ulijua kwamba saa mbili usiku watu hutazama filamu, hata kama kwa dakika hizo hakuna aliyeonekana.

Sura iliyofuata ilihama kutoka mashine pepe hadi kontena, vifurushi vyepesi vya programu vinavyogawana mfumo endeshi mmoja na kuwaka kwa sekunde badala ya dakika. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena uliotolewa na Google mwaka 2014, ulipata upanuzi wa kiotomatiki katika toleo la 1.1 la Novemba 2015, na kanuni yake inaweza kuandikwa kiganjani: idadi inayotakiwa ni idadi iliyopo ikizidishwa kwa kipimo kilichosomwa na kugawanywa kwa kipimo kinachotakiwa, kisha kukamilishwa kwenda juu. Podi 4, yaani vikundi vidogo vya kontena vinavyosimamiwa kama kitu kimoja, zikisoma asilimia 90 wakati lengo ni 60, huwa 6. Kipimo cha kuanzia kilikuwa, kama ilivyotarajiwa, prosesa. Historia ya Amazon ilirudiwa hapa kwa kasi, na kwa tofauti moja, kwamba chombo cha kupimia kilitoka nje ya mfumo wenyewe: Prometheus, programu iliyoanzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya muziki ya SoundCloud mjini Berlin na wahandisi waliowahi kufanya kazi Google, ilikuwa imewazoesha watengenezaji kuacha kila programu itangaze namba zake yenyewe kwenye ukurasa mdogo unaosomwa kila baada ya sekunde chache. Toleo la 1.6 la Kubernetes, Machi 2017, liliweka mlango rasmi ambao kupitia kwake namba kama hizo zingeweza kuongoza idadi ya podi, na mwaka uliofuata mlango ukapanuliwa kwa vipimo vya vitu vilivyo nje kabisa ya Kubernetes, kama foleni inayotunzwa na kampuni nyingine. Muundo huo ulitangazwa kuwa imara katika toleo la 1.23 la Desemba 2021, miaka minne na ushei baadaye, muda unaoonyesha jinsi watu walivyobishana juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani nani anaruhusiwa kuuambia mfumo namba ipi.

Kufika hapo kipimo maalumu kilikuwa bado ni hiari, kwa sababu palikuwa daima na podi moja angalau iliyo hai, na penye podi pana prosesa ya kupima. Mei 2019 Microsoft na Red Hat zilitangaza mradi wa KEDA, ambao mwaka 2020 uliingia katika taasisi ileile inayotunza Kubernetes na Prometheus na Agosti 2023 ukafikia daraja lake la juu. KEDA ina viunganishi vya makumi ya aina, kila kimoja kikijua kusoma kitu kimoja kinachoweza kusubiri: ujumbe ambao haujasomwa katika mfumo wa ujumbe wa Kafka, kazi zilizo katika foleni ya programu ya RabbitMQ, safu za jedwali la hifadhidata zinazokidhi sharti fulani. Jambo lililoipa umaarufu ni uwezo wa kuishusha kazi hadi sifuri, ili ofisi inayopokea mafaili mara tatu kwa siku isilipie podi saa zinazobaki. Katika sifuri hesabu ya Kubernetes hukwama, kwa kuwa sifuri ikizidishwa kwa chochote ni sifuri, na asilimia ya prosesa haipo kwa kuwa hakuna mashine ya kuulizwa. Kwa hiyo hatua ya kutoka sifuri kwenda moja KEDA huifanya yenyewe, ikichungulia foleni kila baada ya sekunde 30 isipoelekezwa vinginevyo, na hatua ya kutoka moja kwenda juu huiachia Kubernetes. Faili la kwanza la asubuhi hufika mahali pasipo na seva hata moja inayolingoja, hukaa kwenye foleni peke yake likiwa ndilo alama pekee kwamba kuna kazi, na sekunde chache baadaye podi ya kwanza huwashwa kwa sababu yake.